Mdau wa ubora ni nani: mwenye nguvu au mwenye haki?

MWEZI uliopita nilialikwa kufungua kwa dua warsha ya siku moja katika ukumbi wa hoteli moja hapa Mji Mkongwe. Mada ilikuwa nafasi ya wadau katika kusimamia ubora wa biashara. Nilisoma dua, na kwa kuwa sikuwa na kipindi skuli asubuhi ile, nikakaa nyuma kusikiliza. Mtoa mada, kijana msomi na mwenye adabu zake, alichora duara ubaoni, katikati akaandika "kampuni", na pembezoni akaanza kuwapanga wadau: Serikali, benki, wawekezaji, wasambazaji, wateja wakubwa, vyombo vya habari. Mshiriki mmoja akauliza, mtu atajuaje kwamba huyu ni mdau wake na yule siye? Jibu lilikuwa fupi: mdau ni yule ambaye akikasirika anaweza kuitia hasara biashara yako.

Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka, na si kwa kuwa ni mchamungu kuliko wenzangu. Jibu lile lilinikumbusha jambo lililonitokea wiki chache kabla, ambalo nilikuwa nimeanza kulisahau kwa makusudi.

Nilikuwa nimenunua kilo tano za mchele wa mapembe katika duka la mtaani kwetu. Kufika nyumbani, mke wangu alifungua mfuko akasema unanuka. Tukaukosha mara tatu, harufu ikabaki palepale. Ulikuwa mchele uliopata maji, labda melini, labda ghalani, kisha ukakaushwa na kurudishwa kwenye polo. Nilikasirika, lakini sikurudi dukani. Mwenye duka ni mtu mzima, tunasali safu moja, na mshahara ukichelewa hunikopesha bila hata ya kuniandika daftarini. Nikajisemea kuwa ni bahati yangu tu. Mchele tukawapa kuku, nikanunua mwengine duka la pili.

Siku tatu baadaye jirani yetu, mjane anayepika wali na mchuzi na kuwauzia wachukuzi wa bandarini Malindi, alinunua kilo kumi na tano za mchele uleule. Alianza kupika kabla ya alfajiri. Wateja wakaonja, wakarudisha sahani. Mtaji wake wote, samaki na nazi pamoja na mkaa, uliishia kwenye ndoo ya makombo. Jioni alipita mlangoni kwetu akamhadithia mke wangu, halafu akanigeukia na kuniuliza kwa upole kabisa: "Maalim, kwani na nyinyi hamkununua mchele hapo wiki hii?"

Nilimwambia nawahi Magharibi.

Ndugu msomaji, katika duara la yule mtoa mada, mjane huyu hayumo. Akikasirika hakuna duka litakalofungwa, hakuna gazeti litakaloandika, hakuna benki itakayoshituka. Hana nguvu ya kumdhuru mtu. Na mimi niliyejua ubovu wa mchele ule nikanyamaza, simo vilevile, kwa kuwa katika hesabu ya biashara mimi ni mteja aliyeridhika: sikulalamika. Sasa nauliza, ubora wa bidhaa ni haki ya nani na ni dhamana ya nani? Ni jambo baina ya muuzaji na mkaguzi wake peke yao, au wapo wengine wenye haki ndani yake hata kama hawana sauti?

Tuanze na neno lenyewe. Mdau anatokana na dau, ile fedha au kitu ambacho mchezaji anakiweka mbele ili acheze. Mwenye kuweka dau ndiye mwenye kungojea faida au hasara. Neno limekuja kwetu na harufu ya kamari, nalo limezoeleka kiasi kwamba hata misikitini sasa tunasikia "wadau wa madrasa". Sina ugomvi nalo. Lakini sisi watu wa pwani tunalo dau jengine, lile la kwenda baharini, na nadhani hilo linafaa zaidi kulielewa jambo hili. Katika dau la kamari, asiyeweka kitu hana lake. Katika dau la bahari, kila aliyemo ndani roho yake imo, awe amelipa nauli au amebebwa mgongoni na mama yake.

Wataalamu wa nchi za Magharibi wamebishana sana juu ya hili. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, Milton Friedman, aliandika kwamba dhamana ya wakuu wa kampuni ni kwa wenye hisa, wawatafutie faida madhali hawavunji sheria wala hawafanyi udanganyifu. Mwaka 1984 akaja Edward Freeman na kitabu kilichosema kwamba kampuni inagusana na watu wengi, wafanyakazi, wateja, wasambazaji na jamii inayoizunguka, na kwamba kiongozi asiyewatazama wote hao anajidanganya. Fikra hiyo imeenea mno. Kile kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, ISO 9001, katika toleo lake la mwaka 2015 kinaitaka taasisi iwajue wahusika wote wenye maslahi katika kazi yake na iyajue mahitaji yao. Ni hatua njema, na Muislamu hana sababu ya kuibeza kwa kuwa imetoka kwa wengine.

Ila kuna kasoro inayoingia pale fikra hii inapofika kwenye kumbi za warsha. Freeman alimhesabu mtu kuwa mdau ikiwa anaweza kuiathiri kampuni au ikiwa kampuni inaweza kumuathiri yeye. Watu wetu wameshika ile nusu ya mwanzo, wakaiacha ya pili. Mwenye kuweza kutuathiri tunamuita kwenye chai. Tunaemuathiri hatumjui hata jina.

Katika Uislamu mlango wa kuingilia si nguvu, ni haki. Wengi wetu tunaijua hadithi aliyoipokea Imam Muslim, ya Mtume (S.A.W.) kupita sokoni, akatia mkono wake katika rundo la chakula, vidole vikakuta umaji ndani. Alimuuliza mwenye mali, akajibu kwamba kilinyeshewa. Mtume akamuuliza kwa nini asiweke kilichorowa juu watu wakakiona, kisha akasema kuwa mwenye kughushi si katika wake. Tuzingatie kwamba yule mtu hakushitakiwa na mnunuzi yeyote, na pengine mnunuzi mwenyewe hajafika bado. Haki ya mtu asiyekuwepo ilishughulikiwa kabla hajajua kama anayo.

Hiyo ni kwa upande wa muuzaji. Kuhusu mimi niliyejua nikanyamaza, iko habari ya Sahaba Wathila bin al-Asqa' (R.A.), na Imam Ghazali ameisimulia katika Ihya katika mlango wa biashara. Mtu aliuza ngamia wake kwa dirhamu 300, na Wathila alikuwa pale ameghafilika. Alipozindukana mnunuzi keshaondoka, akamkimbilia huku akimwita, akamuuliza: umemnunua kwa nyama au kwa safari? Akasema kwa safari. Wathila akamueleza kuwa ngamia yule ana tundu katika wayo, hatoweza mwendo mrefu. Mnunuzi akarudi, muuzaji akalazimika kupunguza dirhamu 100, naye akamlalamikia Wathila kwamba amemuharibia biashara. Jibu la Wathila lilikuwa kwamba walimbai Mtume juu ya kumpa nasaha kila Muislamu, na kwamba amemsikia akisema si halali kuuza kitu bila ya kubainisha aibu yake, na si halali kwa anayeijua aibu hiyo kuacha kuibainisha.

Wathila hakuwa muuzaji wala mnunuzi. Hakuwa na hata dirhamu moja ndani ya biashara ile. Kwa lugha ya kamari, hana dau. Pamoja na hivyo alijiona amefungika, na kilichomfunga ni kule kujua kwake tu. Mimi sikuhitaji hata kumkimbilia mtu. Mlango wa jirani yangu uko hatua kumi kutoka kwangu.

Najua atakayesema kwamba kutaja ubovu wa bidhaa ya Muislamu ni kumsengenya. Nami nilijidanganya hivyo. Lakini Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin ameyataja mambo yanayoruhusu kumtaja mtu kwa asichokipenda, na mojawapo ni kuwatahadharisha Waislamu na shari. Tena haikuwa lazima nianze kwa jirani. Ningeweza kuanza na mwenye duka mwenyewe, faragha, kwa heshima ya umri wake. Kilichonizuia si hofu ya kusengenya. Ni ule mkopo wa mwisho wa mwezi.

Kuna watakaosema, kazi hii inao wenyewe. Ni kweli. Zanzibar tunayo Taasisi ya Viwango (ZBS), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, na wapo wanaokagua vyakula na dawa. Lakini mkaguzi hawezi kuingia kila jiko. Wanazuoni wetu waliliona hilo zamani. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alipoandika juu ya hisba alitofautisha baina ya muhtasib aliyeteuliwa na Muislamu anayeifanya kazi hiyo kwa kujitolea. Aliyeteuliwa anaweza kutafuta maovu yaliyo dhahiri, kuadhibu, kulipwa kutoka hazina. Anayejitolea hana mamlaka hayo. Lakini kuwepo kwa wa kwanza hakukumfuta wa pili. Soko lilikuwa na mkaguzi, na watu wake hawakuambiwa wafumbe macho.

Nani asiyeijua, basi, hadithi ya jahazi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Nu'man bin Bashir? Watu wamepiga kura, baadhi wakapata juu na wengine chini. Wa chini wakitaka maji huwapitia wa juu na kuwaudhi. Wakaona bora watoboe tundu katika sehemu yao wasiwasumbue wenzao. Wakiachiwa, wataangamia wote. Wakishikwa mikono, wataokoka wote. Makhatibu huiishia hapo kwenye kushikwa mikono. Mimi, na huu ni mtazamo wangu tu, kila nikiisomesha husita kwenye kiu. Wa chini walikuwa na haja ya kweli, tena walitaka kutowaudhi wenzao. Hatusikii kwamba wa juu waliwahi kuuliza hawa wanapataje maji.

Sisi wa visiwani hadithi hii hatuisomi kama mfano tu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idd, meli ya Spice Islander ilizama Nungwi ikitoka hapa Unguja kwenda Pemba. Idadi iliyoruhusiwa kuichukua ilikuwa zaidi kidogo ya abiria 600. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba walikuwamo watu zaidi ya 2,000. Maiti 203 zilipatikana, na zaidi ya watu 1,300 hawakuonekana tena. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Allah (S.W.) awarehemu wote.

Safari ya meli ni biashara, na ubora wake ni kufika. Orodhesha wadau wake kwa lile duara la warsha: mwenye meli, wakala wa tiketi, bandari, wakaguzi, nahodha. Kila mmoja wao angeweza kuizuia. Abiria mnamuweka wapi? Habari za siku zile zilieleza kwamba wapo waliouona msongamano wakakataa kupanda, na wakanusurika. Walifanya sawa. Lakini kushuka ni njia ya mwenye pa kulala Unguja usiku ule. Mama aliyekuja kula Idd kwa nduguze, mwenye watoto watatu na nauli ya kwendea tu, atashuka aende wapi? Wahenga wetu wamesema, dau la mnyonge haliendi joshi. Siwezi kumwambia mama yule kwamba na yeye ni mdau wa ubora na kwamba alipaswa kupaza sauti. Kumpa mtu wajibu bila ya kumpa uwezo ni dhulma yenye jina zuri. Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya ndugu zetu wanaohubiri kwamba kila mteja ana hiari. Hiari ina bei, na wengine hawana fedha ya kuilipa.

Wala tusilifunge jambo hilo kwa neno qadar. Qadar tunaiamini. Ila sisi hao hao tunaowasomesha watoto kwamba ngamia hufungwa kwanza kisha ndipo mtu akategemea kwa Allah, hatuwezi kumuachia Allah hesabu ya tiketi.

Mfano wa karafuu utatuonyesha upande wa pili. Nenda Mwera, Dole au Kizimbani wakati wa msimu. Karafuu huchumwa na vikonyo vyake, huchambuliwa kwa mkono, kisha huanikwa juani siku kadhaa juu ya majamvi. Zikirundikwa mbichi hushika joto, huvunda na kupauka rangi. Zikianikwa barabarani huokota mchanga na mafuta ya magari. Ubora wote wa jina la Zanzibar, ambalo dunia imelijua tangu zama za Seyyid Said, uko katika mikono ya mchambuaji anayekaa na kibatari mpaka usiku, na mara nyingi ni mwanamke. (Kwamba sehemu kubwa ya karafuu za dunia huishia katika sigara za Indonesia ni msiba mwengine, tuuache leo.)

Miaka mingi Shirika la Taifa la Biashara (ZSTC), lililoundwa mwaka 1968, ndilo lililokuwa mnunuzi pekee wa halali, na mkulima alipata kipande kidogo cha bei ya dunia. Mikutano ya kumhimiza aanike vizuri haikukosekana, na magendo ya kwenda Mombasa hayakukosekana pia. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha bei kwa kiwango kikubwa na ikaahidi kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Karafuu zikarudi kwenye vituo vya shirika. Mkulima hakubadilika tabia kwa kusikia hotuba. Alipewa sehemu yake. Unataka mtu akulindie ubora, mpe kwanza kitu cha kulinda. Ila mimi naongeza swali: je, ile nyongeza ilimfikia mchambuaji wa kibatari, au iliishia kwa mwenye shamba? Kila tabaka la jahazi lina la chini yake.

Nilipotoka kwenye ile warsha nilikwenda moja kwa moja dukani. Nilingoja mpaka wateja wapungue, nikamwambia mzee kila kitu, mchele wangu, kunyamaza kwangu na hasara ya jirani. Hakukasirika kama nilivyoogopa. Alinichukua ndani akanionyesha mapolo manne yaliyobaki. "Maalim, na mimi niliuziwa," akasema. Alikuwa amechukua mali kauli kwa tajiri mmoja wa jumla, na alipoigundua harufu alikuwa keshaivunja polo ya kwanza. Akirudisha atakosa kukopeshwa tena, na bila ya mali kauli duka lake halifiki mwezi wa pili. Kwa hiyo alinyamaza, kwa sababu ileile iliyoninyamazisha mimi.

Nikamuuliza, je, huyo tajiri anajua?

"Nani atamwambia?"

Tulikubaliana yale mapolo yasiuzwe. Fedha za yule jirani tulizitoa nusu kwa nusu, yeye na mimi, naye alizipokea lakini tangu siku ile hununua mchele wake kwengine, na sina la kumlaumu. Kwa tajiri wa jumla mzee hataki kwenda peke yake. Ameniomba tufuatane, nami nimemuomba imamu wetu awe wa tatu. Tumewekeana miadi Alhamisi baada ya Alasiri.